Kupunguza plastiki za mara moja na vyombo vya foamu chuoni: tuanzie wapi?

Mjumbe_Mazingira:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya serikali ya wanafunzi. Kamati yetu imepewa muhula mmoja kuandika pendekezo litakalopelekwa kwa menejimenti ya chuo kuhusu namna ya kupunguza plastiki zinazotumika mara moja na kutupwa, pamoja na vyombo vya foamu ambavyo chakula cha kubeba hufungiwa. Kabla ya kuandika hata mstari mmoja tuliona ni vyema kwanza tuzijue taka zenyewe, kwa hiyo siku moja baada ya chakula cha mchana tulitandika turubai nyuma ya mkahawa mkuu, tukavaa glavu, tukamwaga mapipa manne na kuanza kuchambua.

Wingi wa foamu tuliutarajia. Boksi moja unalikuta limefungwa vizuri kana kwamba halijaguswa, ukilifungua kuna nusu ya chakula ndani, na mafuta yamekwisha kuacha doa la manjano ambalo halitoki hata ukilisugua. Jambo ambalo hatukulitarajia ni vijiko. Vingi vilikuwa bado vimo ndani ya vifuko vyao vya nailoni, havijafunguliwa, maana yake ni kwamba mtu alipewa kijiko asichokihitaji, akakibeba na kwenda kukitupa.

Sasa kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka foamu ipigwe marufuku mara moja na nafasi yake ichukuliwe na vyombo vinavyouzwa kwa jina la vyombo vinavyooza. Wapo wanaoona tununue mapipa ya rangi mbalimbali ili kila kitu kirejelezwe. Wengine wanataka tuanze na maji ya chupa, kwa kuwa chupa ndizo zinazoonekana kila mahali. Mimi nilielemea upande wa kwanza, lakini tangu siku ile ya turubai sina tena uhakika. Ninaomba ushauri wa watu ambao wamelifanya jambo hili kwa mikono yao au wanaozifahamu malighafi hizi kitaalamu.

Msimamizi_Mstaafu:

Ndugu Mjumbe, hongereni kwa kuanza na turubai. Nimesimamia mkahawa wa chuo kwa miaka mingi, na wengi waliokuwa wakija na mapendekezo ofisini kwangu hawakuwahi kuinua kifuniko cha pipa hata mara moja.

Naomba nikueleze foamu iliingiaje jikoni kwetu, kwa sababu njia iliyoingilia ndiyo inayoonyesha mlango wa kuitolea. Hatukuichagua kwa kuipenda. Mashine yetu ya kuoshea vyombo iliharibika, fedha za kuitengeneza hazikupatikana kwa wakati, na wahudumu wawili waliokuwa wakiosha kwa mikono hawakuweza kwenda na kasi ya wanafunzi wanaotoka madarasani kwa pamoja saa saba mchana. Tuliagiza maboksi ya foamu kwa wiki mbili tu, tukiwa tunasubiri fundi. Wiki mbili zile zikawa miaka, sahani zikapelekwa stoo, kisha sehemu ya kuoshea ikageuzwa kuwa mahali pa kuhifadhia maboksi. Kwa hiyo mtu anaposema piga marufuku foamu, mimi swali langu la kwanza huwa ni hili: nani ataosha, wapi, na kwa maji ya moto kutoka wapi? Pendekezo lisilojibu hilo litakubaliwa kwenye kikao na kufia jikoni.

Jambo la pili, simameni mlangoni mwa mkahawa kwa saa moja mtazame watu wanaobeba maboksi wanaelekea wapi. Sisi tulipofanya hivyo tuliona kwamba wengi walikuwa wakienda kukaa chini ya miti iliyo hatua chache kutoka mlangoni, wanakula hapo hapo, kisha wanatupa. Hawakuwa wabebaji wa chakula hata kidogo, walikosa tu mahali pa kukaa. Tulipoongeza mabenchi nje na kuwaruhusu watoke na sahani, maboksi yalipungua bila tangazo lolote kubandikwa ukutani.

Kwa wale ambao kweli wanabeba chakula hadi maktaba au bwenini, tulijaribu vyombo vya kurudisha, na mara ya kwanza tulishindwa vibaya. Tuliwaamini watu bila amana, na tulikuwa na sehemu moja tu ya kurudishia. Kabla ya muhula kwisha zaidi ya nusu ya vyombo vilikuwa mabwenini, vimewekewa sabuni na pini za nguo. Mara ya pili kila mwanafunzi aliacha amana na kupewa kibao kidogo. Akirudisha chombo anapewa kibao, akirudisha kibao anapewa chombo safi au amana yake papo hapo. Sehemu za kurudishia tuliziweka kwenye milango ya mabweni na ya maktaba, yaani pale mtu anapomalizia kula. Tofauti ilikuwa kubwa.

Niongeze jambo dogo ambalo halimo katika vitabu vya mipango. Vyombo vya polipropilini, yaani plastiki ngumu tuliyoitumia kwa vyombo vya kurudisha, havikauki upesi kama sahani za kauri, kwa sababu plastiki haihifadhi joto la maji ya kuoshea. Mkivipanga vikiwa na unyevu vitanuka, na mwanafunzi akinusa mara moja tu hatarudi tena kwenye mpango wenu. Wekeni rafu za kukaushia, na idadi ya vyombo iwe kubwa kuliko ya wateja, ili vingine viwe vinakauka huku vingine vikitumika.

Kuhusu vile vijiko vyenu, hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Mhudumu aache kuvitia mfukoni mwa mteja bila kuombwa. Viwekwe nyuma ya kaunta, anayekihitaji aseme.

Mwalimu_Kemia:

Naongezea upande wa malighafi, kwa kuwa makundi mawili kati ya matatu ya kamati yenu yanajenga hoja juu ya tabia za vitu ambavyo pengine havijaelezwa vya kutosha.

Foamu ya chakula ni polistirini iliyovimbishwa kwa gesi, na sehemu kubwa sana ya ujazo wake, zaidi ya asilimia 90, ni hewa. Ndiyo maana ni nyepesi na inatunza joto vizuri. Ila sifa hizo hizo ndizo zinazoiponza inapofika kwenye kurejelezwa, kwa sababu lori lililojaa foamu limebeba hewa, na gharama ya safari hailipwi na kilo chache zitakazopatikana mwishoni. Juu ya hapo kuna mafuta na mabaki ya chakula. Ile alama ya pembetatu yenye namba 6 iliyo chini ya boksi inakutajia aina ya plastiki tu, yaani polistirini. Haisemi kwamba kuna mtu yeyote aliye tayari kuipokea na kuichakata. Foamu safi ya kufungashia vifaa inaweza kugandamizwa kwa mashine na kuuzwa. Boksi lenye doa la manjano ulilolieleza halina mnunuzi.

Kwa hiyo mapipa ya rangi yasiwe nguzo ya pendekezo lenu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ambao ulihesabu plastiki yote iliyowahi kutengenezwa duniani hadi mwaka 2015, ulionyesha kwamba kati ya taka za plastiki zilizozalishwa katika kipindi hicho chote ni takriban asilimia 9 zilizorejelezwa, asilimia 12 zilichomwa, na asilimia 79 zilibaki majaani au zimezagaa katika mazingira. Pipa la rangi linafaa kwa chupa safi na makopo, mahali ambapo mnunuzi wa vitu hivyo anajulikana kwa jina na siku anayokuja.

Kuhusu vyombo vinavyoitwa vinavyooza, hapa naomba kamati isimame na kutafakari kwa muda mrefu zaidi. Vingi vya hivyo vilivyo angavu kama plastiki vimetengenezwa kwa asidi ya polilaktiki, ambayo hutokana na wanga wa mimea. Ili ioze inahitaji mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60 za Selsiasi kwa wiki kadhaa. Ukiitupa kwenye jaa la kawaida au mtaroni, inakaa kama plastiki nyingine yoyote, na ukiichanganya na chupa za kurejelezwa, inaziharibu. Kama chuo hakina mtambo huo wala mkataba na mwenye mtambo, mtakuwa mmebadilisha jina la taka na kulipa zaidi kwa jina hilo. Bakuli za nyuzi za mimea zilizogandamizwa ni bora kidogo, lakini baadhi yake zimepakwa kemikali za familia ya PFAS ili zisipenyeze mafuta, na kemikali hizo hazivunjiki kirahisi katika udongo wala maji. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza mwaka 2024 kwamba vizuia mafuta vya aina hiyo haviuzwi tena huko kwa ajili ya vifungashio vya chakula, lakini mnunuzi yeyote anapaswa kudai hati ya maandishi kutoka kwa muuzaji. Hata kikombe cha karatasi, kwa kawaida, kina utando mwembamba wa plastiki ndani.

Lakini sitaki nieleweke kwamba naitetea foamu. Polistirini huanza kulainika joto linapokaribia nyuzi 100, na chakula cha moto chenye mafuta mengi huchukua kutoka kwenye chombo kiasi kidogo cha stirini, kemikali ambayo polistirini hutengenezwa kwayo. Mwaka 2018 jopo la Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliipandisha stirini kutoka kundi la 2B, ambalo ushahidi wake ni hafifu zaidi, hadi kundi la 2A, yaani kemikali ambayo huenda inasababisha saratani kwa binadamu. Uainishaji huo ni wa stirini yenyewe, si wa boksi, na viwango vinavyohamia kwenye chakula ni vidogo. Hata hivyo mimi siwezi kumshauri mtu kumwagia chakula kinachotokota ndani yake. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya mwaka 2019, uliondoa sokoni kuanzia tarehe 3 Julai 2021 vyombo vya chakula na vikombe vya polistirini iliyovimbishwa, pamoja na sahani, vijiko, uma na mirija ya plastiki ya mara moja. Foamu iondoke, ila nafasi yake ichukuliwe na chombo kinachooshwa.

Fundi_Maabara:

Wachangiaji wote wamezungumzia mkahawa. Ndugu Mjumbe, siku moja njoo nyuma ya jengo la maabara siku mzigo wa vitendanishi, yaani kemikali za majaribio, unapofika. Utakuta boksi la foamu lenye kuta nene za vidole vitatu, ndani yake pakiti za barafu ya jeli nne, na katikati ya vyote hivyo kuna kichupa kimoja kisichozidi kidole gumba. Kesho yake mtafiti wa chumba cha pili anapokea boksi jingine kama hilo kutoka kwa muuzaji yule yule. Foamu ya chuo haiko jikoni peke yake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walikadiria mwaka 2015 kwamba maabara za utafiti wa biolojia, tiba na kilimo duniani huzalisha takriban tani milioni 5.5 za taka za plastiki kwa mwaka. Sehemu ya taka hizo haikwepeki, kwa kuwa ncha ya pipeti (kifaa cha kunyonya na kupima vimiminika) iliyogusa sampuli yenye vimelea haitarudi mezani, na sitaki mtu alete pendekezo la kuhatarisha usalama wa wafanyakazi kwa jina la mazingira. Lakini maboksi ya kusafirishia yanakwepeka. Sisi tulikubaliana kwamba maagizo ya vyumba vyote yakusanywe na kutumwa siku moja kwa wiki, ili mizigo mitano ije katika boksi moja. Wauzaji kadhaa pia wana utaratibu wa kuyachukua maboksi yao yakiwa matupu, ila hawautangazi mpaka uulize. Yanayobaki huyatumia wanaosafirisha sampuli kutoka uwandani. Foamu hii ni safi na imara, kwa hiyo ni makosa kuihesabu pamoja na boksi la chakula.

Mjumbe_Mazingira:

Nawashukuru sana. Mwalimu, ile hoja ya kubadilisha jina la taka nimeisoma mara mbili na nimeipeleka kwa wenzangu kama ilivyo. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza ni la maji ya chupa: je, tuyaondoe madukani mwa chuo sasa? La pili ni la fedha: tumpe punguzo anayekuja na chombo chake, au tumtoze anayetaka chombo cha kutupa?

Mtafiti_wa_Tabia:

Maswali yote mawili yamekwisha kujaribiwa katika vyuo, na majibu yake yanafaa kujulikana kabla hamjarudia kosa la wengine.

Chuo Kikuu cha Vermont nchini Marekani kiliacha kuuza maji ya chupa mwaka 2013. Watafiti wa chuo hicho hicho walifuatilia shehena za vinywaji na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Idadi ya chupa zilizoingia chuoni kwa kila mtu haikupungua, bali iliongezeka, na sukari iliyonyweka iliongezeka pia. Watu waliokosa maji ya chupa dukani walinunua soda na juisi, ambazo zilikuwa bado zipo kwenye rafu ile ile, ndani ya chupa za plastiki zile zile, na hayo yalitokea ingawa chuo kilikuwa kimeongeza mabomba ya kujazia chupa na kuwahimiza watu kuyatumia. Mimi najifunza hapo kwamba kuondoa kinywaji kimoja chenye afya na kuacha vingine vyote katika chupa ni kuuelekeza mkono wa mteja kwenye chupa ya jirani. Anzeni kwa kuhakikisha maji ya kunywa yanapatikana katika kila jengo, tena mahali ambapo mtu anapita, sio nyuma ya vyoo, na kwamba yanapimwa na majibu ya vipimo yanabandikwa juu ya bomba. Mwanafunzi hanunui chupa kwa kupenda plastiki. Ananunua kwa sababu hana imani na bomba.

Kuhusu punguzo na tozo, utafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff uliochapishwa mwaka 2018, ambao ulifanyika katika mikahawa ya vyuo na maofisi nchini Uingereza, ulikuta kwamba tozo juu ya kikombe cha kutupa iliongeza idadi ya watu waliokuja na vikombe vyao, lakini punguzo la thamani hiyo hiyo halikuleta badiliko lolote. Kinachomuuma mtu ni kile kinachotoka mfukoni. Tozo ilifanya kazi vizuri zaidi ilipoambatana na ujumbe wa wazi pamoja na vikombe vya kudumu vilivyotolewa pale pale. Kwa hiyo bei ya kikombe itenganishwe na bei ya kinywaji, iandikwe kwenye risiti kama kitu kinachojitegemea.

Mkazi_wa_Bweni:

Naomba nitofautiane kidogo na mtaalamu, kwa heshima. Tozo ni rahisi kuipendekeza kwa mtu anayelipwa mshahara. Wapo kati yetu ambao wanahesabu kila sarafu hadi mwisho wa wiki, na kwao hata amana ya chombo ni fedha ya mlo mwingine. Kama mtaweka amana, ifungwe kwenye kitambulisho cha mwanafunzi bila kudai fedha taslimu mwanzoni, na mtu adaiwe tu asiporudisha chombo.

Jambo lingine ni la mirija. Mwenzangu wa chumbani hawezi kuinua kikombe kwa sababu ya hali ya mikono yake, na mrija unaopinda ndio unaomwezesha kunywa bila kusaidiwa. Mirija ya karatasi inalainika kabla hajamaliza, na ya chuma ni hatari kwa meno yake. Siku aliyoambiwa mbele ya foleni kwamba mirija imekwisha kwa ajili ya mazingira, alirudi bwenini bila kunywa chochote. Pendekezo liseme wazi kwamba mrija unaopinda utapatikana kwa anayeuomba, na asihojiwe sababu.

Mtafiti_wa_Tabia:

Umesema kweli, na nakubali marekebisho yote mawili. Hilo la kitambulisho linaondoa kikwazo bila kuondoa msukumo, kwa sababu mtu bado anajua kwamba chombo kina thamani na kwamba kuna atakayekiulizia.

Afisa_Manunuzi:

Nimechelewa kuingia, ila naona hakuna aliyegusa mkataba, na huko ndiko mambo haya huishia. Mikahawa mingi ya vyuo huendeshwa na wazabuni. Mzabuni aliyesaini mkataba wa miaka mitatu akiwa amepanga bei zake juu ya maboksi ya foamu hawezi kulazimishwa katikati ya safari kununua sahani na kuajiri waoshaji, na mkimlazimisha, ataongeza bei ya chakula na lawama itawarudia ninyi. Ulizeni kwanza mikataba inakwisha lini. Kisha hakikisheni kwamba hati ya zabuni inayofuata inaeleza kwamba chakula cha kuliwa mkahawani kitatolewa katika vyombo vya kuoshwa, kwamba foamu haitatumika, kwamba vijiko na mirija vitatolewa kwa kuombwa, na kwamba mzabuni atawasilisha kila muhula idadi ya vyombo vya kutupa alivyonunua, ikithibitishwa kwa ankara. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kitakachowaonyesha kama matumizi yamepungua kweli au yamehamia kwenye chombo cha jina jingine.

Chuo nacho kibebe sehemu yake, yaani sinki, maji ya moto na rafu za kukaushia, kwa sababu hayo ni majengo wala si bidhaa, na mzabuni hatawekeza kwenye jengo ambalo si lake. Maboksi yaliyoko stoo msiyatupe ili tarehe ipendeze kwenye taarifa. Yahesabuni, yatumike mpaka yaishe, na msiagize mengine.

Mjumbe_Mazingira:

Nimeulizia leo asubuhi. Mkataba wa mkahawa mkuu unakwisha baada ya mihula miwili, na hati ya zabuni mpya inaanza kuandikwa muhula huu huu tulio nao. Tumekubaliana kuwa pendekezo letu litakuwa na vifungu vya kuingizwa kwenye hati hiyo, pamoja na ombi la kufungua tena ile sehemu ya kuoshea ambayo, nimeambiwa, hata kwetu imegeuzwa kuwa stoo. Vijiko vinahamia nyuma ya kaunta kuanzia wiki ijayo, kwa sababu msimamizi amekubali hilo bila kusubiri kikao. Fundi wa maabara, siku ya mzigo ni ipi? Tutakuja na turubai letu.

Fundi_Maabara:

Jumatano, saa nne asubuhi. Turubai leteni, ila glavu tunazo.